Mwaka Guyo Alipoacha Sigara

Kwenye matanga ya ndugu yangu Guyo, binamu yetu alisimama katikati ya wanaume akainua ile sigara ya umeme juu, nyeusi, imekwaruzika pande zote, akasema, "Hii hapa ndiyo imemuua. Alienda Isiolo kutafuta dawa, wakamuuzia hii." Akabonyeza kitufe chake, kitaa kidogo kikawaka, na watu wakageuza nyuso, maana chombo kilikuwa kinawaka na mwenyewe tulikuwa tumetoka kumzika. Aliyemuuzia, Mwenda, alikuwa amesimama nje ya lango. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kutoka Isiolo mpaka Garbatulla, Mmeru peke yake katikati yetu Waborana, kofia mkononi. Alisema salaam aleikum jinsi alivyozoea kuwasalimia wateja wake Waislamu, na watu wakaitikia kwa sababu salamu haiachwi bila jibu, lakini hakuna aliyemsogezea kiti. Mimi nilimpelekea chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Talaso, na wewe unaamini hivyo?" Nikamwambia anywe chai kwanza. Sikumjibu kwa sababu jibu sikuwa nalo, na hata leo sina hakika nalo. Ndiyo maana nimeona niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui. Shule yangu haikufika mbali. Lakini mwaka ule mimi nilikuwapo, na binamu hakuwapo.

Nilikuwa bado kijana, nimepata chumba changu cha kwanza cha kukodi pale Bulla Pesa, chumba kimoja cha mabati ndani ya ploti, na nilikipenda kuliko nilivyopenda chumba chochote tangu hapo. Kilikuwa na kitanda, jiko la makaa, rafu ya mbao za kreti, na pazia la maua lililogawanya mahali pa kulala na mahali pa kukaa. Upande mmoja nilipakana na Mama Kendi, mama wa Kimeru aliyeuza miraa, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba sana. Nilijua wateja wake kwa sauti. Nilijua nani analipa na nani anasema kesho. Naye alijua nimeungua mkono na sufuria kabla mimi sijaupoza kwa maji. Kazi yangu ilikuwa maziwa ya ngamia. Yalikuja na pikapu kutoka upande wa Garbatulla yakiwa ndani ya mitungi ya plastiki, nayapokea stendi, nayaonja, naweka yangu ya kuuza mjini, mengine yanaendelea na basi la Nairobi. Mitungi mitupu naisuuza, narudisha kwa pikapu ileile. Maisha yalikuwa hivyo, iliyojaa inakuja na mitupu inarudi, na sikuwa na shida na mtu.

Guyo alifika wakati wa kiangazi akiwa na fimbo, shuka na kikohozi. Alikuwa kaka yangu, amenizidi kwa miaka mingi, mtu wa ngamia wa upande wa Sericho, na mji kwake ulikuwa mahali pa kuuza mnyama na kuondoka kabla mfuko haujapata mazoea. Nilimwekea mkeka upande wa pili wa pazia. Asubuhi ya kwanza alianza kukohoa kabla ya adhana, akakohoa mpaka nikakaa kitandani nimeshika shuka kwa mikono miwili kana kwamba ni mimi ninayekohoa. Ng'ambo ya ukuta nikamsikia Mama Kendi akimwambia mteja wake wa mapema, "Hiyo si gari. Ni kaka ya Talaso. Kama lori ya dizeli imekataa kuwaka." Mteja akacheka. Guyo naye alisikia, maana alipopata pumzi alisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Mama, hii lori iko na mzigo mingi." Kisha Mama Kendi akasema, "Pole, mzee wa ngamia. Sikujua umeamka." Ndivyo walivyojuana, na mpaka mwisho walizungumza zaidi kupitia ukuta kuliko uso kwa uso.

Hospitalini daktari alikuwa mama wa makamo aliyezungumza polepole. Alimsikiliza kifua, akampa kifaa cha kupuliza, Guyo akapuliza kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi. Akasema mapafu yamechoka, njia za hewa zimekuwa nyembamba, na sababu yake kubwa ni sigara, kwa hiyo moshi uishe. Guyo alikuwa amevuta tangu akiwa mchungaji mdogo asiye na shuka lake mwenyewe. Akauliza, "Moshi gani? Hata ya maziwa?" Daktari hakuelewa, ikabidi nimweleze kwamba kwetu kibuyu hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa, ndiyo yakae bila kuharibika, na ladha ya moshi ndiyo ladha ya nyumbani. Daktari akacheka, akasema maziwa anywe. Guyo akacheka pia, kisha akauliza lile swali ambalo mimi nisingethubutu. "Nikiacha, hii kifua itarudi mpya?" Daktari akasema, "Haitarudi mpya, mzee. Lakini iliyobaki itakaa." "Na nisipoacha?" Daktari akaanza kuandika dawa. Akasema bila kuinua kichwa, "Wewe ni mtu wa mifugo. Unajua mnyama akianza kukonda hivi na humbadilishii kitu." Guyo akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi tulipofika kwenye vibanda alisimama, akanunua sigara moja ya rejareja, akaivuta yote, akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Aliisema hivyohivyo kwa sigara nyingi.

Sitaki kumfanya dhaifu. Nilimwona akijaribu, na sijawahi kumwona mtu akijaribu kitu kwa nguvu vile. Alitafuna peremende mpaka ulimi ukawa mwekundu. Alishika sigara isiyowashwa mdomoni nikipika, macho kwenye makaa ya jiko. Alikasirikia sufuria, mbu na redio ya jirani, na siku moja alikasirikia anjera zangu, ile mikate ya maji, akasema ni nene kama kandambili, ilhali mwenyewe alikuwa amekula tano. Nikamwambia kandambili zimekwisha, ngoja nikupikie viatu. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamtoa nje. Alirudi akinuka moshi. Tukala nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaanga na kuhifadhiwa kwa mafuta, kila mtu akitazama sahani yake. Ndipo Mama Kendi akasema kutoka kwake, kana kwamba alikuwa amekaa nasi mkekani tangu mwanzo, "Kuna ile ya umeme vijana wanavuta, wanaita vepu. Mteja wangu mmoja ameachia sigara kwa hiyo. Lakini mimi sijui, eeh? Kesho msiseme ni Mama Kendi."

Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwuliza. Naandika alivyosema, kwa sababu kwenye matanga ilionekana kama hatukuuliza mtu. Alisema hiyo nayo si dawa, na kwamba angetaka Guyo aache vyote. Alisema lakini kama sigara imemshinda kabisa, na hiyo ndiyo daraja la kumvusha, basi avuke, ila asijenge nyumba juu ya daraja. Nilimpelekea Guyo maneno yote, la daraja na la nyumba. Akasema mtu wa ngamia hajengi nyumba popote.

Duka la Mwenda lilikuwa dogo, kioo mbele, makava ya simu yakining'inia kama nyama kwenye bucha. Mwenda alikuwa na umri kama wangu, ndevu chache alizozitunza sana. Nitakuwa mwadilifu kwake na kwa ukweli pia: alianza kwa kutusukumia ile kubwa. Aliitoa kwenye sanduku lake kama anatoa Kurani. Ilikuwa inang'aa zambarau na ina skrini yenye namba zinazobadilika. "Mzee, hii ndiyo moto sasa hivi. Wati mia mbili. Inakuonyesha umevuta mara ngapi, betri imebaki ngapi, joto ngapi. Unabadilisha rangi ya taa hivi, unaona? Vijana wote wa ofisi wananunua hii." Guyo aliitazama bila kuigusa. Akauliza, "Wati ni nini?" "Ni nguvu, mzee." "Nguvu ya kufanya nini? Mimi nataka kuvuta moshi. Sitaki kuvuta lori." Msichana mmoja aliyekuwa akibandikiwa kioo cha simu alicheka mpaka akajifunika na leso. Mwenda pia akacheka, lakini aliendelea na namba zake. Guyo akamwacha amalize, kwa heshima, kama anavyomwacha dalali amalize kumsifu dume. Kisha akainama karibu na kioo akauliza, "Mama yake iko wapi?"

Mwenda akanitazama. "Anasema?" Guyo akarudia, "Hii kitu. Nataka kuona mama yake." "Mzee, hii ni ya kiwanda. Haina mama." "Kila kitu iko na mama." Mimi nilitaka kujificha, kwa sababu nilikuwa nimekaa mjini kiasi cha kuona aibu, lakini nilijua anachouliza. Kwetu hakuna anayenunua mtamba kwa kutazama mtamba. Mtamba yeyote anapendeza, tena wafanyabiashara humlisha chumvi akanywa maji akajaa tumbo siku ya soko. Unaomba uonyeshwe mama yake, uone amezaa mara ngapi, kiangazi kimemfanya nini, miguu yake inasimamaje sasa uzuri ukishakwisha. Mama ndiye anayekuambia mtoto atakuwa nini. Nikamweleza Mwenda hivyo, haraka haraka. Akasimama kidogo, akijikuna ndevu. Halafu, na hili ndilo nililotaka binamu alijue, akaweka ile ya zambarau chini, akatia mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa kijidude kizito cheusi, hakina skrini, kitufe kimoja tu, rangi imetoka kwenye pembe mpaka chuma kinaonekana. "Mama ndiyo huyu," akasema. "Yangu. Niko nayo tangu nifungue duka."

Hapo Guyo alikaa chini. Aliichukua akaipima uzito kwa kiganja, akaigongagonga kwa kucha, akafungua na kufunga ile sehemu ya betri akisikiliza, akainusa. "Imeanguka?" "Mara mingi. Hata kwa ndoo ya maji." "Imegonjwa?" "Koili inaungua, kale kawaya ka ndani, hiyo ni kawaida, unabadilisha. Betri inachoka, unatoa, unaweka ingine." "Nani anatibu hapa Isiolo?" "Mimi." "Wewe ukienda kwenu?" "Nitakufundisha, utajitibu." Guyo akaelekeza kidevu kwa ile ya zambarau. "Na huyo mwenye taa, akigonjwa?" Mwenda aliitazama ile ya zambarau. Msichana wa simu alikuwa anasikiliza. Mwenda akasema, "Huyo akigonjwa, mzee, unatupa." "Uko na mama yake?" "Hapana. Hawajakaa mpaka wazeeke." Guyo akamrudishia ile kuukuu kwa mikono miwili. "Basi nipe mtoto wa huyu," akasema, na Mwenda akainama chini ya meza akatafuta sanduku lililokuwa na vumbi, kwa sababu watu hawakuwa wakiziuliza. Bei yake haikuwa ndogo kama sura yake. Guyo alikuwa ameuza beberu, akalipa bila kubishana, na mimi nilishangaa, kwa sababu Guyo hubishana hata bei ya chumvi.

Aliipa jina Guraacha, yaani Nyeusi, jinsi tunavyomwita mnyama kwa rangi yake. Tatizo la kwanza lilikuwa harufu. Mwenda alikuwa amebakiwa na maji ya vepu ya ladha ya stroberi tu wiki ile, na kaka yangu, mwanaume ambaye fisi walimkimbia, akawa ananukia kama sabuni ya mtoto. Kwenye soko la mifugo walimwona mbali. "Guyo, siku hizi umeolewa?" "Nanukia bi harusi?" "Unanukia bi harusi kabisa!" "Basi ni bi harusi asiyekohoa. Wewe wako je?" Alinisimulia hayo huku nikikaanga vitunguu, akaigiza sauti zote. Niliona kwamba mkono wake haukuwa ukitafuta mfuko wa sigara tena. Ulikuwa ukitafuta, ukimkuta Guraacha, ukitulia. Siku za mwanzo alipatwa na maumivu ya kichwa, na mara mbili tatu nilijua amevuta sigara huko nje. Kisha sikujua tena, na sidhani alikuwa ananificha, kwa sababu hakuwa mzuri wa kuficha.

Kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko Idi zote za mwaka ule. Nilikuwa nachemsha chai ya maziwa, yeye amekaa kwenye mkeka akifunga kikoi chake. Mama Kendi akapiga ukuta kwa kiganja. "Talaso! Mzee wa ngamia amerudi kwao bila kuniaga?" Nikamwambia yuko hapa. "Sasa mbona sijamsikia leo?" Nikamgeukia Guyo. Alikuwa ameweka mkono kifuani kama mtu aliyesikia mlango unagongwa. Sote watatu tukanyamaza, yeye, mimi na Mama Kendi upande wake, tukisikiliza. Chai ikachemka ikamwagikia makaa. Guyo akasema, taratibu, "Lori imewaka," na Mama Kendi akapiga kigelegele peke yake kule ndani kwake, akaleta bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, akasema wapishi wa maziwa matupu watamuua mgonjwa wake. Tulikula githeri asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu.

Natamani mwaka ungekwishia hapo. Wakati mwingine, nikikumbuka, naukatia hapo kama mtu anayekata kitambaa kabla ya doa. Lakini kiangazi kilikuwa kimekaza. Habari zikaja kwamba ngamia wamesogezwa mbali zaidi, kisima kimoja kimekauka, na wachungaji waliobaki ni wachanga, wanaogopa kuamua. Guyo alisikiliza ujumbe, akainuka, akaanza kukunja shuka. Sikumzuia, wala sidhani kuna mtu wa kwetu angemzuia. Tulikwenda kwa Mwenda, akamfundisha kubadilisha koili, na vidole vya Guyo vilivyozoea kutoa miiba kwenye nyayo za ngamia vilijifunza upesi. Akachukua betri mbili, kama mtu anavyobeba vibuyu viwili, akachukua koili za akiba, na chupa za yale maji, safari hii za ladha ya tumbaku. Duka moja la Sericho lilikuwa na sola ya kuchajia simu. Tukajiona tumefikiria kila kitu. Mwenda akamwambia, "Mzee, mimi siuzi dawa. Upunguze pole pole, siku moja uitupe." Guyo akamwambia, "Nitakuletea uone amekuwa mama."

Mipango yetu ilikuwa rahisi. Mitungi mitupu ilipokuwa ikirudi Garbatulla na pikapu, ndani ya mmoja nilitia chupa ndogo zimefungwa kitambaa, dereva akampa mwenye lori la bidhaa, lori likazifikisha Sericho. Ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Dereva aliniletea habari kama maziwa, za siku moja zikiwa tamu na za siku nyingine zimechacha kidogo. Alisema ngamia alimkanyaga Guraacha akamzamisha mchangani, Guyo akamchimbua, akamfuta kwa shuka, akawaka. Niliposimulia hayo dukani Mwenda alipiga meza kwa furaha. Wakati uleule alikuwa na kijana wa ofisi mbele yake, amerudisha ile ya zambarau, skrini imekuwa nyeusi, anataka ajue nani atalipa. Mwenda akamwonyesha mimi. "Muulize huyu dada. Kaka yake ako porini na yake inakanyagwa na ngamia." Kijana akasema hajaja kuulizia ngamia. Nilirudi nyumbani nimejaa kiburi ambacho hakikuwa changu. Guyo alichagua vizuri. Nasema hivyo hata leo. Kama kuna mtu amewahi kununua kitu cha duka kwa akili, ni yeye.

Lakini tulikuwa watu wa mifugo, tukakosea kama watu wa mifugo. Tuliuliza mama, tukauliza miguu, tukauliza magonjwa na tabibu. Hatukuuliza malisho, kwa sababu mnyama mzuri hujitafutia. Ngamia wa kweli ukimwacha atakula mti usioujua na atafika kisimani mbele yako. Kitu cha duka hakijitafutii. Kinakaa mkononi mwako, kizima, kigumu, hakina kasoro, kinasubiri ukiletee. Mwenda naye hakuliona hilo, maana kwake malisho yalikuwa rafuni nyuma ya kichwa chake. Wala simlaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwa nikituma chupa sikuliona, mpaka mvua iliponyesha.

Tuliiomba ile mvua. Msikitini iliombwa, kanisani kwa Mama Kendi iliombwa, na ilipokuja Isiolo ilikuja kwa kishindo juu ya mabati mpaka hatukuweza kusikizana ukutani. Watu walitoka nje wakasimama kwenye maji na viatu vyao. Mama Kendi alicheza. Mimi pia nilicheza, Mungu anajua. Ikanyesha siku nyingi, mto Ewaso ukatapika ng'ambo na ng'ambo, na barabara ya kutoka Garbatulla kwenda chini ikawa matope ambayo lori huingia likabaki hapo kama nyumba. Pikapu ya maziwa ilikoma. Chupa za Guyo zilikaa kwenye rafu yangu. Nilimtafuta kijana wa pikipiki aliyejisifu kwamba hakuna barabara inayomshinda, akarudi na matope mpaka kiunoni, chupa bado kifuani, akasema, "Dada, huko sasa ni ya samaki." Sericho kulikuwa na Guraacha mzima, na betri mbili, na koili za akiba, na hakukuwa na tone la yale maji. Sigara zilikuwapo. Sigara hazikosekani. Kila kibanda kina pakiti chini ya meza hata kikikosa sukari.

Baadaye barabara ilikauka na chupa zikafika, akazipokea na kunitumia shukrani. Akawa anavuta hiki na kile. Wanasema njia mbili zilimshinda fisi. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, zaidi ya daktari alivyotarajia au pungufu, sijui, kwa sababu hakuwahi kutuambia alitarajia nini. Kwa hiyo binamu akisema ni vepu iliyomuua, siwezi kuapa kwamba haikuongeza chochote juu ya kifua kile. Sina elimu hiyo, na daktari mwenyewe alisema si dawa. Mwingine akisema ni mvua, nitamnyamazisha, kwa sababu mvua ile iliokoa nyumba nyingi, na ya Guyo ilikuwa mojawapo. Alikuwa na kifua kibovu na ngamia hai. Bila mvua angekuwa na nini? Nimejaribu kupima hili mara nyingi na mizani haitulii.

Kabla barabara haijakauka, simu yake ilikuja asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika. Nilikuwa uani nasuuza mitungi isiyokuwa na kazi. Upepo ulikuwa mwingi kwenye laini, nikajua amepanda mahali pa juu kunakoshika mtandao. "Talaso! Umesikia mvua?" Nikamwambia tumeisikia. "Wewe hujasikia kitu. Majani hapa iko kwa goti. Unakumbuka ile ngamia mzee tulisema haitamaliza mwezi? Inakimbia! Mimi nakimbia nyuma yake nikimwambia nisamehe." Akacheka, sauti imefunguka kabisa, kama alivyokuwa akicheka zamani kabla sijajua kwamba kifua cha mtu kinaweza kuchoka. Kisha akanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia njiti ya kiberiti. Ya kwanza haikushika, upepo uliizima. Akawasha ya pili. Nikamsikia akivuta, akashikilia, akaachia polepole. Alikuwa anajua nimesikia. Alikuwa ananisubiri.

Nikafunga mfereji ili nimsikie vizuri. "Na ndama?" nikamwuliza. "Wamezaliwa wangapi?"

Akaanza kuniambia. Huyu dume, amezaliwa kwenye matope akasimama mwenyewe. Huyu jike, mdogo, lakini ananyonya kwa nguvu. Huyu walimkosa siku nzima wakamkuta nyuma ya kichaka, mzima. Kati ya mmoja na mwingine alikuwa akivuta, na mimi nikamwacha awataje wote.